Wakati wa Kuhama Windows: Mafunzo Niliyopata Katika Uchapishaji Baba Dogo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa viraka vya bure vya Windows 10, wenye biashara ndogo hapa Baba Dogo, Nairobi, wananiuliza swali lile lile: tuhamie Windows 11 sasa, au tungoje? Anauliza mwenye duka la vipuri, anauliza mama anayeuza unga kwa jumla karibu na magodauni ya Baba Dogo Road, wanauliza vijana wanaofungua saiba zao za kwanza Lucky Summer na Kariadudu. Mimi ni mchapishaji. Duka letu hutengeneza vitabu vya risiti, lebo za bidhaa za viwandani, stika za matatu, fulana za makanisa na za wanasiasa. Tulianza na Windows XP, tukahamia Windows 7, tukahamia Windows 10, na sasa tunamalizia safari nyingine.

Kwa kifupi ninawaambia hivi: siku ya mwisho ya mfumo endeshi hupangwa na walioutengeneza, na msimu wa kazi hupangwa na wateja wako. Katikati ya hivyo viwili kuna miezi ambayo ni yako peke yako, na uamuzi wa kuhama ni uamuzi wa kuitafuta miezi hiyo na kuitumia kabla haijaisha. Mengine yote ni maelezo, lakini pesa hupotelea kwenye maelezo hayo.

1. Siku ya mwisho hupita kimya

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Nilikuwa nimewatangazia wafanyakazi kwamba siku hiyo inakuja, nikaizungushia wino kwenye kalenda ya ukutani. Jumatano asubuhi tukafungua duka, tukawasha kompyuta, kila kitu kikafunguka. CorelDRAW ikafunguka, printa ikachapa. Kijana wetu wa dizaini akaniuliza, "Mzee, si ulisema zitakufa?"

Utulivu ule ulinishangaza, na nimeuona tena kila mfumo unapofika mwisho. Windows 7 ilifika mwisho tarehe 14 Januari 2020, na kesho yake saiba zote za mtaa huu ziliendelea na kazi. Windows 10 vivyo hivyo. Mashine haizimi. Kinachokoma ni ukarabati. Tundu likigunduliwa baada ya siku hiyo, Microsoft hulitengenezea kiraka kwenye mifumo mipya, na kiraka hicho huwaonyesha wezi mahali pa kuchungulia kwenye mfumo wa zamani. Hatari huanza ikiwa ndogo, kisha hukua kila mwezi bila wewe kuona chochote kwenye kioo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tarehe hizi hutangazwa mapema sana. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwaka wake wa mwisho ulijulikana tangu mwanzo. Windows 11 nayo ina utaratibu wake: kila toleo la mwaka la Home na Pro huhudumiwa kwa miezi 24, kisha lazima upande toleo linalofuata. Biashara yenye nia ya kukua haina sababu ya kushtukizwa na tarehe iliyotangazwa miaka kadhaa kabla. Iandike pale unapoandika siku ya kodi ya nyumba na siku ya kuhuisha leseni ya kaunti.

2. Mfumo unaohudumiwa lakini haupokei viraka ni sawa na uliokwisha

Ijumaa tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga faili za watu duniani kote na kudai fidia ya Bitcoin. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Jumatatu iliyofuata hatukuwasha kompyuta hata moja hadi fundi alipofika.

Nilidhani walioumia ni wale waliobaki na XP. Kaspersky ilipohesabu mashine zilizovamiwa, ikakuta takriban asilimia 98 zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado na karibu miaka mitatu ya huduma mbele yake. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla ya uvamizi. Aliyekipokea alilala salama. Fundi alipofungua mashine zetu za Windows 7 akakuta masasisho yamezimwa. Tulikuwa tumeyazima wenyewe, kwa sababu wakati huo tulitumia modemu ya bando, na Windows ilimaliza bando kabla ya saa nne asubuhi. Tuliponea chupuchupu. Fundi alileta viraka kwenye fleshi, akazunguka nayo mashine hadi mashine mpaka jioni.

Tangu siku hiyo gharama ya data ya masasisho iko kwenye bajeti yetu kama stima na maji. Siku hizi fiba imefika mitaa mingi ya Eastlands na kisingizio kimepungua, lakini bado ninakuta maduka ambapo kijana fulani alizima masasisho miaka iliyopita na hakuna anayekumbuka. Kabla hujauliza kama uhame, fungua mipangilio ya Windows uone tarehe ya sasisho la mwisho. Ukikuta ni ya mwaka juzi, umeshajibiwa swali la kwanza, na wala si la kununua kompyuta mpya.

3. Anza na kifaa kisichotaka kuhama

Hili ndilo fundisho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halimo kwenye matangazo ya mtu yeyote.

Tulipokuwa tukijiandaa kuiacha Windows 7, niliorodhesha kompyuta: ipi ina kumbukumbu kiasi gani, ipi nzito, ipi nyepesi. Orodha nzuri, lakini tulipoanza kazi, kompyuta haikutusumbua hata kidogo. Kilichogoma ni plota, ile mashine ya kukata stika. Ni mashine ya Kichina, imara, ya kununuliwa mkono wa pili, na huunganishwa na kompyuta kwa kebo inayogeuza USB kuwa mlango wa kizamani wa pini tisa. Chini ya Windows 7 ilikata stika usiku kucha. Kwenye Windows mpya haikusogea. Tulipofungua orodha ya vifaa, mahali palipotakiwa jina la kebo paliandikwa kwa Kiingereza kwamba chipu ile imeachwa tangu mwaka 2012 na tuwasiliane na aliyetuuzia. Mwenye kutengeneza chipu alikuwa ameamua hivyo, na Windows yenyewe haikuwa na neno.

Niliona plota ya thamani kubwa imekuwa chuma kitupu. Kumbe dawa ilikuwa kebo nyingine yenye chipu ya aina tofauti, inayouzwa Luthuli Avenue kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Tuliichomeka, tukachagua namba ya mlango ileile ya zamani, na kisu kikashuka kwenye vinyli. Kijana wa dizaini alipiga makofi.

Programu ya kupanga namba za vitabu vya risiti haikupata dawa rahisi hivyo. Iliandikwa enzi za DOS, ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Tulikuwa na njia mbili: kununua programu mpya, au kuiacha kompyuta moja ibaki na mfumo wa zamani kwa kazi hiyo peke yake. Tulichagua ya pili kwa muda, tukaiwekea masharti: haina intaneti, haina barua pepe, haifungui kitu chochote cha mteja, na fleshi inayoingia hupimwa kwanza na antivairasi kwenye mashine mpya. Tuliing'oa waya wa mtandao na kadi ya waifai, tukaziweka kwenye droo yangu, kwa sababu mtu mwenye haraka ya kazi huona mtandao uliokatwa kama hitilafu ya kurekebisha.

Kwa hiyo ukitaka kujua biashara yako itahama lini, tembea sakafuni kwanza. Kama unashona, angalia mashine ya kudarizi na programu yake, hasa kama inadai kile kifunguo cha USB cha leseni. Kama una godauni, angalia mizani. Kama una wafanyakazi wanaoweka kidole asubuhi, angalia kile kifaa na programu inayosoma saa zao. Mpigie simu aliyekuuzia, umuulize swali moja tu: hii inafanya kazi na Windows 11? Mwambie akujibu kwa maandishi. Kifaa kitakachochelewa kuliko vingine ndicho kitakachokupangia ratiba, na ukikijua mapema una nafasi ya kutafuta kebo, ya kukusanya pesa au ya kubadilisha mtambo.

4. Anayekusukuma mara nyingi ni mtoza kodi na mteja

Kwa miaka mingi nilidhani nitahama kwa kuogopa virusi. Nilipotazama nyuma niliona kwamba kila mara msukumo mkubwa ulitoka kwenye kivinjari. Chrome iliacha kuitengenezea XP matoleo mapya mwaka 2016, na ilipofika Februari 2023 ikaiacha Windows 7 pia, toleo la mwisho likiwa la 109. Mashine haikatai siku hiyo hiyo. Baada ya miezi, tovuti moja hukataa kufunguka, kisha nyingine, na siku moja ni ile unayoihitaji kulipwa.

Mwaka 2023 mamlaka ya mapato, KRA, ilileta eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiwi kupunguza kodi ya mapato. Kwetu sisi tunaouzia viwanda lebo, maana yake ilikuwa moja. Mhasibu wa kiwanda hawezi kupitisha malipo yetu mpaka aone ankara hiyo. Yule yule aliyekuwa akipokea kitabu cha risiti tulichokichapa wenyewe sasa alitaka msimbo wa QR. Katika muda mfupi, kompyuta ya mapokezi, iliyokuwa ya mwisho kwenye orodha yangu kwa sababu "inaandika tu risiti", ikawa ndiyo inayoingiza pesa. Tuliipandisha ikawa ya kwanza.

Nimejifunza kupanga foleni ya kuhama kwa kufuata pesa. Mashine inayotoa ankara, inayofungua iTax na inayopokea oda kwa barua pepe hutangulia. Ya kuchora dizaini hufuata, na ya muziki na matangazo dirishani huja mwisho. Kwa mwenye duka dogo sana, eTIMS inapatikana hata kwa simu, na hilo ni kimbilio zuri siku kompyuta iko kwa fundi.

5. Usiwe wa kwanza mtaani

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Siku chache baadaye ililisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walijikuta faili zao za nyaraka na picha zimefutwa. Lilirudi katikati ya Novemba likiwa limerekebishwa. Sisi hatukuguswa, kwa sababu fundi wetu ana desturi ya kuacha toleo jipya likae nje miezi michache, kisha hulijaribu kwenye mashine moja kabla ya zote.

Viraka vya usalama vya kila mwezi ni jambo jingine, hivyo vipokee mapema. Ninachosema ni kuhusu toleo zima au mfumo mzima. Mashine moja kwanza, wiki mbili tatu za kazi halisi, kisha nyingine.

6. Soma tarakimu baada ya kistari

Wengi wanaonijia wanaamini Windows 11 inauzwa. Kama kompyuta yako ina Windows 10 halali na inatimiza masharti, kupanda ni bure. Shida ni masharti yenyewe: kumbukumbu ya GB 4 angalau, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8, na kwa AMD Ryzen huanzia familia ya 2000 kwa sehemu kubwa.

Mimi nilidhani kikwazo kitakuwa TPM, lile jina geni. Nilipobonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika tpm.msc, mashine zetu kadhaa zilionyesha 2.0 bila wasiwasi. Zilizuiwa na prosesa. Ziliandikwa i5-6500. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 6 ni cha sita. Ya i5-8500 ni cha nane, hiyo inapita. Ikiwa tarakimu ni tano, kama i5-10400, soma mbili za kwanza.

Somo hili dogo lina thamani kubwa Moi Avenue na Luthuli, ambako kompyuta za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, hupangwa zikiwa safi, zinang'aa, na Windows 11 iko tayari kwenye kioo. Ipo njia ya kuipakia Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine ya kizazi cha sita, na wapo wauzaji wanaoitumia. Itawaka, itapendeza, lakini Microsoft haiahidi kuipatia masasisho, na toleo jipya la mwaka linaweza kukataa kuingia. Usinunue kwa kutazama kioo. Fungua maelezo ya mfumo, soma prosesa, kisha uulize bei. Na uliza kama leseni ni halali. Windows iliyovunjwa kufuli na kijana wa fleshi inaweza kuja na mgeni asiyeonekana, ukawa umelipia usalama ukanunua wizi.

Kuna waliolipia kuongezewa muda wa Windows 10. Microsoft ilipotangaza mpango huo, mtu wa nyumbani aliwekewa dola 30 kwa mwaka mmoja hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na biashara dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Piga hesabu: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla ni dola 427 kwa mashine moja, na kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni zaidi ya shilingi 55,000. Kwa pesa hizo unapata kompyuta ya mezani ya ex-UK ya kizazi cha nane na chenji. Mwaka mmoja wa kununua muda unaweza kuwa na maana, hasa kama ile mashine sugu ya fundisho la tatu bado haijapata ufumbuzi. Miaka mitatu, kwa biashara ya ukubwa wetu, sioni maana yake.

Na mashine ya kizazi cha sita si takataka. Moja yetu tuliiwekea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, kwa ajili ya barua pepe na tovuti, na inafanya kazi vizuri. Mashine za dizaini hazikuweza kwenda huko kwa sababu CorelDRAW haitengenezewi Linux. Jibu la swali la Linux liko kwenye programu inayokulisha.

7. Nakala iliyozimwa ndiyo iliyookoa Maersk

Kila anayeagiza mzigo kupitia Mombasa analijua jina la kampuni ya meli ya Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwenye kampuni hiyo kupitia programu ya kodi na uhasibu inayotumika Ukraine. Kilitumia tundu lile lile la WannaCry, na pia kiliiba nywila, hivyo hata mashine zilizokuwa na kiraka zikaanguka. Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza baadaye kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote wa kampuni zilifutwa dunia nzima, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa Ghana, na ilipona kwa sababu stima ilikuwa imepotea kabla ya kirusi kufika. Mtandao wa pale ulikuwa wa polepole mno kuituma nakala, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilibebwa hadi uwanja wa ndege Nigeria, ikapokezwa mwenzake, naye akapanda nayo ndege hadi London.

Ninaisimulia hadithi hii kwa kila anayetaka kuhama, kwa sababu wenye biashara wa Baba Dogo huniambia, "Nakala ninazo, ziko kwenye diski ya nje." Ninapouliza iko wapi, wananionyesha: imechomekwa kwenye kompyuta, mchana na usiku. Kirusi kikiingia kitaifunga diski hiyo pamoja na kompyuta. Kabla ya kugusa mfumo, nakili kazi zote, ing'oe diski, ipeleke nyumbani. Kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili tano za miaka tofauti: dizaini ya zamani, ankara, orodha ya wateja. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, folda moja ya lebo ilikuwa na majina ya faili tu, ndani hamna kitu. Ni afadhali kujua hilo asubuhi ya maandalizi kuliko usiku wa kuhama.

8. Uhamisho ni wa watu pia

Mama wa mapokezi, tuliyeanza naye tangu XP, alikaa mbele ya Windows 11 mara ya kwanza akanyamaza. Kisha akasema, "Mmenihamishia jikoni, sijui hata chumvi iko wapi." Kitufe cha kuanzia kilikuwa katikati, printa yake haikuwa mahali pake, na wateja walikuwa wamesimama.

Niliwekeza pesa kwenye mashine na sikuwa nimemtengea hata asubuhi moja. Tulirudisha kitufe kushoto, mipangilio inaruhusu. Tukamwekea alama zake nane anazozitumia katika mpangilio aliouzoea, na Jumamosi mchana, duka likiwa limefungwa, akajifunza na kijana wa dizaini akiwa pembeni asiyegusa kipanya. Hilo la kutogusa lilikuwa sharti lake, na alikuwa na haki. Siku hizi yeye ndiye huwafundisha wapya. Ukipanga bajeti ya kuhama, weka saa za watu wako na uzilipe.

9. Diski kuu isiondoke na vitambulisho vya wateja

Kutoka hapa hadi jaa la Dandora si mbali, na vyuma vingi vya Eastlands huishia huko, nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi ukiingia vifuani mwa vijana wetu. Kompyuta ya zamani isiende hivyo. Nairobi ina kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki na kuzibomoa kwa utaratibu.

Lakini kabla haijaondoka, toa diski. Duka kama letu, na zaidi saiba, hukaa na nakala za vitambulisho, vyeti vya PIN, barua za kazi na picha za watoto wa shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe mwenye duka kuwa mtunzaji wa vitu hivyo. Kufuta faili na kumwaga pipa hakutoshi, programu za kurejesha ni za bure. Sisi huifuta diski nzima kwa programu ya kuandika juu yake, na ile iliyokufa isiyofutika tunaitoboa kwa drili ya karakana jirani.

10. Kalenda ya wateja ndiyo kalenda yako

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, tulichapa fulana usiku na mchana. Kabla ya msimu ule tulikuwa tumeahirisha masasisho ya Windows 10, jambo ambalo mfumo huruhusu hadi siku 35. Katika wiki zile hakuna kompyuta iliyojiwasha upya katikati ya oda. Kura zilipokwisha kupigwa tukayafungulia, yakaingia yote. Kuahirisha kwa siku zenye mwisho ni tofauti kabisa na kule kuzima kwa enzi za bando.

Kila biashara ina msimu wake. Wetu una oda za kalenda na shajara kuanzia Novemba, kazi za shule Januari, na ndani ya kila mwezi kuna PAYE tarehe 9 na VAT tarehe 20. Kwa hiyo kuhama kwetu hufanyika baada ya tarehe 20, Februari au Machi, au Septemba. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wagombea wataanza kuulizia bei za fulana miezi mingi kabla. Mashine zetu mbili za dizaini zilizobaki zitahama kabla ya oda za kalenda za Novemba 2026. Ile ya vitabu vya risiti inatafutiwa programu mpya, na hadi ipatikane, kadi yake ya waifai inakaa kwenye droo.